Mlango wa Pikapu na Gitaa la Besi

Pikapu haikuundwa kwa ajili ya muziki. Iliundwa ibebe matenga ya machungwa ya Muheza, mabomba, mifuko ya saruji, mbuzi wa akika, na watu ambao sheria haiwataki wakae nyuma. Likija suala la sauti, kiwanda hutoa kinachotosha kusikilizia taarifa ya habari: koni ya karatasi nyepesi, sumaku ndogo, fremu ya plastiki. Aliyechagua spika hizo nadhani alikuwa mhasibu, na simlaumu. Mtu anayelipia chesi na springi za kubeba tani nzima haulizi habari za besi siku ya kununua. Huanza kuuliza baadaye, mzigo umeshashuka, fedha imeshaingia, anarudi peke yake jioni na wimbo anaoupenda, na wimbo wenyewe unatoka mlangoni kama umefungiwa ndani ya debe.

Kwa mtu wa Tanga hilo ni zaidi ya kero ndogo, maana muziki wa mji huu uliegemea sana gitaa la besi. Black Star na Lucky Star waliichukua taarabu wakaitia magitaa ya umeme na mwendo wa dansi, wakati kwingine pwani ilikuwa bado mali ya vinanda na fidla. Juu ya magitaa hayo ikaelea sauti nyembamba ya Shakila binti Saidi, mzaliwa wa Pangani aliyefariki mwaka 2016. Upande wa dansi walikuwapo Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Katika Jamhuri walipita ndugu wa Kinyonga kabla ya kwenda Arusha, kisha Nairobi, wakaanzisha Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao wakajitenga wakawa Les Wanyika, wakatupa "Sina Makosa". Ukiusikiliza wimbo huo bila kuisikia besi ya Tom Malanga, umesikia malalamiko tu. Kinachomfanya mlalamikaji aaminike kiko chini, katika zile nota chache zinazotembea bila haraka.

Ndiyo maana nawapenda mafundi wanaojaribu spika kwa nyimbo za namna hiyo. Besi inayotengenezwa kwa kompyuta hunguruma tu, na mngurumo hata spika mbovu inauweza. Gitaa la besi linataka kila nota ianze mahali pake na iishe mahali pake. Lakini nyimbo za zamani pekee hazitoshi. Nimeona kijana mmoja Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, akimalizia kila kazi na "Tanga Kunani" ya Wagosi wa Kaya, kwa hoja kwamba maneno ya kughani yakieleweka gari likiwa linatembea, basi hata sauti za kati zimekaa sawa. Sina la kumpinga.

Fundi mzuri haanzi na bisibisi. Anaanza kwa kuwasha injini. Mteja akishangaa, mwache ashangae. Injini ya dizeli ya silinda 4 ikizunguka mara 2,400 kwa dakika inapiga milipuko 80 kila sekunde. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa la besi lenye nyuzi 4 unapiga hezi 41, na nota nyingi za mpigaji ziko juu kidogo ya hapo. Kwa hiyo injini na besi wanagombea kiti kimoja, na injini ndiye mwenye gari. Kabla ya kuuza chochote, fundi anataka kujua ugomvi huo ni mkubwa kiasi gani, na nani mwingine anauchochea: kava ya mlango iliyopoteza klipu, fimbo ya kufuli inayocheza ndani, sarafu iliyoanguka kwenye uwazi wa kioo miaka iliyopita. Anagonga bati la mlango kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Bati likilia "tang", kazi ipo. Likijibu "dumu", kuna mtu alishapita hapo kabla yake, na alikuwa anajua anachofanya.

Baada ya hapo ndipo anapofungua. Jambo la kwanza analolitazama ni jinsi nyaya zilivyounganishwa, na hapa ufundi huu unanifurahisha kuliko mahali pengine pote, kwa sababu kifaa anachohitaji ni betri moja ya tochi. Spika za leo hazijaachana sana na ile ambayo Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric waliieleza mwaka 1925: koili ndani ya sumaku, koni imegundishwa kwenye koili, umeme ukipita koni inasogea. Fundi anagusisha betri ya volti 1.5 kwenye nyaya mbili za spika kwa nukta moja. Koni ikiruka mbele, upande ulioguswa na chanya ni chanya. Ikirudi nyuma, nyaya zimepinduliwa. Kama spika ya kulia imefungwa sawa na ya kushoto imepinduliwa, moja inasukuma hewa wakati mwenzake anaivuta, na besi zote mbili zinauana katikati ya kabini. Redio inapaza sauti, lakini besi haipo. Zipo pikapu ambazo zimebadilishiwa spika mara kadhaa, kila mara ghali zaidi, na ugonjwa wenyewe ulikuwa nyaya mbili zilizokatwa wakati wa kutoa redio ya zamani na kurudishwa kwa kukisia. Dawa yake ni dakika kumi na kipande cha tepu. Fundi anayekueleza ukweli huo na kukutoza bei ya dakika kumi, mshike.

Halafu mlango. Ningeweza kuandika juu ya mlango mpaka usiku, na naona wengi wanaupita haraka. Spika hutoa sauti mbele na nyuma kwa nguvu ileile, ila ya nyuma iko kinyume. Kinachozuia ya nyuma isizunguke na kuja kuifuta ya mbele ni kile kilicho katikati yao, na katikati yao pana mlango uliojaa matundu: tundu la mkono wa fundi wa vioo, tundu la fimbo ya kitasa, matundu ya klipu. Sauti nyembamba haijali. Besi inapita humo na kupotea. Kwa hiyo fundi anakata duara la plaiwudi, analipiga tupa mpaka likae sawasawa na bati, analipaka rangi ili lisinywe maji, anaweka ukanda wa sponji pande zote mbili, kisha anafunga spika juu yake kwa skrubu zinazobana sawia. Matundu makubwa anayaziba. Bati lenyewe analibandika vipande vya lami nzito ya kuezekea au mpira, si mlango mzima, sehemu zile tu zilizolia alipozigonga.

Ila mlango wa gari ni mahali penye maji, na mtu wa pwani asisahau hilo. Mvua inapita pembeni mwa kioo, inashuka ndani, inatoka kwa vitundu vidogo vilivyo chini kabisa. Fundi mwenye bidii isiyo na akili huviziba na hivyo, na baada ya masika mbili mlango unaanza kuoza kutoka ndani. Tena kiwandani waliweka nailoni nyuma ya kava, wameigundisha vizuri, ili maji yasiguse upande wa abiria. Nailoni hiyo ndiyo kipimo changu. Kuna fundi anayeichana na kuitupa chini kwa sababu inamzuia kupitisha mkono. Kuna fundi anayeibandua polepole kwenye kivuli, akaikunja, na mwisho wa kazi akairudisha kwa gundi mpya. Sihitaji kusikia redio ya huyu wa pili ili nijue itatoka vipi. Pikapu zinazobeba samaki na barafu kutoka soko la Deep Sea ni mtihani mgumu zaidi, maana maji yake yana chumvi, na chumvi ikishika kiungo cha waya, shaba inageuka kijani. Pale viungo vya kusokota kwa vidole havifai. Tia lehemu, vika mpira, funga.

Mpaka hapa hakuna spika mpya iliyonunuliwa, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Nilimsikia yule kijana wa Ngamiani akizungumza na mzee mmoja mfanyabiashara wa nazi, aliyefika na boksi jipya lililoandikwa wati 1,000 kwa herufi za dhahabu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nitolee hizo takataka, uniwekee hizi."

"Hizo usizitoe boksini kwanza."

"Kwa nini? Hela ya ufundi ninayo."

"Hela kaa nayo. Nipe mlango mmoja, mpaka adhuhuri."

Alichokifanya ni werevu mtupu. Alishughulika na mlango wa kushoto peke yake, kwa spika ileile ya kiwandani, kisha akamkalisha mzee katikati ya kiti na kuzungusha sauti kutoka kulia kwenda kushoto, kushoto kwenda kulia. Mzee hakuhitaji maelezo. Na zile za wati 1,000 alizieleza kwa hesabu ambayo kila mwenye gari angefaa kuijua. Umeme wa gari ni volti 12, unafika 14 na kidogo injini ikiwaka. Kwa umeme huo, redio isiyo na amplifaya ya pembeni, hata iandikwe 50 mara 4, inaipa spika ya omu 4 wati 20 hivi zilizo safi, zaidi ya hapo ni makelele. Kwa hiyo wati za kwenye boksi hazina wa kuzitoa. Namba ya kutafuta imeandikwa kwa wino mdogo: ni desibeli ngapi spika inatoa ikipewa wati 1, ukiwa umbali wa mita 1. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya mara mbili. Spika nzito yenye sumaku kubwa na koni ngumu mara nyingi inatoa kidogo kwa wati 1 kuliko ile nyepesi ya kiwandani, na hapo ndipo watu wanapolipa pesa nyingi na kupata sauti ndogo kuliko waliyokuwa nayo. Wanamlaumu fundi. Wakati mwingine wana haki, kwa kuwa alikaa kimya wakati wa kununua.

Kama amplifaya ni lazima, waya wake wa chanya utoke kwenye betri moja kwa moja, na fyuzi ikae karibu na betri, ndani ya nusu mita. Waya huo ukichubuka mahali bila fyuzi, kinachofuata ni moto. Na ukwangue kwa wembe kabla ya kulipa: ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba, na hewa ya bahari haitauacha udumu.

Kuna kisa kingine cha pikapu zetu nyingi, zile zilizokwishatumika Japani kabla ya kuja. Redio zake nyingi zinashika FM kuanzia 76 mpaka 90, kwa kuwa ndivyo Wajapani walivyokuwa wamepanga mawimbi yao zamani, na vituo vyetu vinakwenda mpaka 108. Mafundi hufunga kijisanduku cha ekspanda nyuma ya redio, kinachoteremsha mawimbi kwa megahezi kadhaa. Kikiteremsha 12, kituo cha 100 kinaonekana kwenye 88. Lakini dirisha la redio lina upana wa 14 na vituo vyetu vimetandazwa katika 20, hivyo vya juu kabisa vinabaki nje. Madereva wamezoea. Kila mmoja ana namba zake za uongo kichwani, na ukimwambia kituo fulani kiko ngapi, anatoa kwanza, ndipo anabonyeza.

Sizungumzii hapa magari ya matangazo, yale yenye honi mbili juu ya kabini yanayozunguka mitaani siku Coastal Union wanapocheza Mkwakwani. Kazi yao ni kusikika mtaa wa tatu, na wanaiweza. Shida ni fundi anayefanya kazi zote mbili akasahau kwamba ndani ya kabini msikilizaji yuko umbali wa mkono.

Na msikilizaji huyo anakaa kulia. Spika ya kulia iko karibu na goti lake, ya kushoto iko ng'ambo ya watu wawili. Fundi wa kawaida anaacha sauti katikati kwa kuwa kitufe kinaonyesha katikati. Yule kijana anauliza nani hasa husikiliza, dereva peke yake au na abiria, halafu anaivuta sauti kushoto kidogo na kuielekeza twita ya mbali kwenye uso wa dereva. Alipomaliza milango yote miwili ya mzee wa nazi, akatoa sabufa nyembamba ya kuweka chini ya kiti, akaishika mkononi, akauliza swali moja zaidi.

"Mzee, ukiendesha unafunga vioo au unafungua?"

"Nifunge nife? Kiyoyozi kilikufa enzi na enzi."

Akairudisha sabufa kabatini. Upepo wa kioo kilichofunguliwa kwenye barabara ya Pongwe unameza besi yoyote ambayo betri ile ingeweza kuilisha. Akapunguza besi kwenye redio, akapandisha sauti za kati, akajaribu tena "Sina Makosa" injini ikiwa inawaka na vioo viko chini, na akataja bei ya kazi ya milango peke yake, na boksi la wati 1,000 akalirudisha mikononi mwa mwenyewe.

Mzee akageuka kutazama mlango wa kulia, akatazama wa kushoto. Kava zilikuwa zilezile, wavu wa spika uleule wenye vumbi la shamba.

"Sasa mbona sioni ulichoniwekea?" akauliza, na wakaanza kupatana.