Paje au Jambiani?

Mwalimu mmoja niliyemfundisha kazi chuoni, naye sasa amestaafu kama mimi, alinijia nyumbani hapa Morogoro na swali ambalo nimekwisha kuulizwa mara nyingi. "Shikamoo, Mwalimu. Nataka kumpeleka mama watoto Unguja, tukapumzike siku nne kando ya bahari. Wengine wananiambia Paje, wengine Jambiani, na wote wanasema ni vijiji jirani. Kama ni jirani, tofauti iko wapi?"

Swali hili si dogo. Kiinua mgongo hakilipwi mara mbili. Na huyo mama ni mzaliwa wa Nyandira, kule Mgeta, amelima njegere na kabichi milimani tangu utoto wake, wala hajapata kuikanyaga bahari. Safari yake ya kwanza pengine ndiyo ya mwisho. Akipelekwa mahali pasipomfaa, atarudi akisema kuwa bahari ni maji tu, na maji hata Mgeta yapo tele. Ndiyo hayo yanayoshuka mpaka mto Ruvu na kumwagika karibu na Bagamoyo, yakiielekea Unguja kabla yake yeye.

Vijiji vyote viwili nimelala, Paje mara mbili na Jambiani mara tatu, na mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1994, tulipokwenda kikundi cha walimu. Kwa hiyo nitasema niliyoyaona, kisha nitahukumu.

Kufika si taabu tena. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inatufikisha Dar es Salaam kwa muda wa kama saa mbili, na boti za mwendo wa kasi huvuka hadi Unguja kwa muda kama huo huo. Kutoka mjini gari hupita Tunguu, hukata msitu wa Jozani wenye kima punju, na barabara huishia baharini pale Paje. Ukikata kushoto unakwenda Bwejuu. Ukikata kulia, kilomita chache tu, umeingia Jambiani, na mbele yake ni Makunduchi. Ni pwani moja, inayotazama mashariki, na hakuna kisiwa kingine mbele yake mpaka uende mbali sana.

Jambo la kwanza ninalolikosoa si kijiji, bali picha. Karibu picha zote za matangazo ya pwani hiyo zimepigwa maji yakiwa yamejaa. Mtu huziona, hupenda ile rangi ya feruzi, hulipa nauli, halafu anafungua dirisha asubuhi na kukuta bahari haipo. Mbele ya Paje na Jambiani pana mwamba wa matumbawe, kiasi cha kilomita moja au zaidi kutoka ufukweni, nao ndio unaovunja mawimbi makubwa. Kati ya mwamba na ufuko ni sakafu pana ya mchanga isiyo na kina. Maji yakijaa huwa kama ziwa. Yakipwa hubaki mchanga, vidimbwi na majani ya bahari. Siku za bamvu, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua sana.

Wageni wengi wa Unguja hutoka Italia na nchi nyingine za Ulaya, na nadhani hapo ndipo malalamiko mengi yanapozaliwa. Katika bahari ya Mediteranea, sehemu nyingi, maji hupanda na kushuka shibiri moja au mbili tu. Mtu wa Sicily au wa Malta akilala mbele ya bahari, huamka akaikuta pale pale. Nilimsikia mgeni mmoja akimgombeza binti wa mapokezi kwa sababu hiyo, kama kwamba binti ndiye aliyeificha. Lakini sisi wa milimani nasi tuna kosa letu: tumezoea maji yanayokwenda upande mmoja. Mto Morogoro haujapata kurudi Bondwa.

Basi anayetaka bahari isiyoondoka asijisumbue na swali la Paje au Jambiani. Na aende kaskazini, Nungwi au Kendwa, ambako maji hayakimbii mbali hivyo. Kwa jambo hilo vijiji vyetu viwili ni sawasawa, na mtu akikuambia kwamba Jambiani maji hupwa lakini Paje hayapwi, mwulize alikaa Paje saa ngapi.

Sasa Paje. Ufuko wake ni mpana, na mchanga wake mweupe ni laini kama unga wa muhogo uliochekechwa mara mbili. Usafiri ni mwepesi, vyakula ni vya kila namna, na ukiwa na fedha hutakosa kitu. Upepo wake ndio umeiletea jina duniani. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Septemba, na wakati wa kaskazi, hasa Desemba hadi Februari, vijana hufunga miguu juu ya ubao na kuvutwa juu ya maji na tiara kubwa za rangi. Siku moja nilijaribu kuzihesabu tiara hizo nikafika arobaini na kitu, ndipo zikanichanganya. Sitaki kuubeza mchezo huo. Ni kitu kizuri kukitazama, na vijana wa pale pale Paje wameujua na wanaufundisha kwa malipo. Mtu mwenye miaka ishirini na mitano aende Paje bila kuniuliza.

Lakini Paje ya leo imempa mgeni kisogo cha kijiji. Mahoteli na mikahawa imesimama mbele, nyumba za wenyeji zimebaki nyuma, na mwanamke wa Paje anayekwenda baharini hupita katika vichochoro kati ya kuta. Unaweza ukakaa pale siku nne usimwamkie mzee hata mmoja. Usiku muziki ni mkubwa, na baadhi ya wageni hutembea mpaka madukani wakiwa wamevaa nguo za kuogelea, mbele ya watu wanaotoka msikitini. Mwaka 1994 wageni wa kulala walikuwa wachache, na tulionyeshwa njia na watoto wa shule. Sisemi kwamba watu wa Paje walikuwa na hali nzuri zaidi siku zile. Nasema kuwa uliwaona.

Jambiani ni kijiji kirefu, kimejinyoosha kando ya bahari kwa kilomita kadhaa, na huko mahoteli, ambayo mengi yake ni madogo, yamechanganyika na nyumba za watu. Ukitoka mlangoni umetokea kwenye njia ya wenyeji. Utamwona fundi anatoboa ngalawa, mama anafukua makumbi ya nazi aliyoyazika mchangani muda mrefu ili yalainike, apige usumba na kusokota kamba. Maji yakipwa watoto hucheza mpira juu ya sakafu ile ile ambayo jioni itapita mashua, na wanawake huingia na fimbo kutafuta pweza katika mashimo ya mwamba. Chakula ni kile kile kwa siku nyingi: samaki, wali wa nazi, pweza. Usiku ni giza, na mgeni asiye na kitabu au mwenzi wa kuzungumza naye atachoka mapema.

Tulipofundisha fasihi tulizoea kutenganisha fani na maudhui, na nilikuwa na tamaa ya kusema kwamba Paje ni fani na Jambiani ni maudhui. Ni sentensi ambayo mwanachuo angeipenda na ningeitia alama nyekundu. Paje nayo ina maudhui, ila yamesukumwa nyuma ya ukuta. Ndiyo sababu sikubaliani na wale wanaoandika kuwa Jambiani ni "kijiji halisi". Halisi kwa nani? Watu wa Paje si watu wa kuigiza. Na mama wa Jambiani hakusokota kamba ili mgeni apate kuona uhalisi. Amesokota kwa sababu kamba inauzwa. Siku atakapopata kazi ya mshahara hotelini ataiacha kamba, na atakuwa na haki.

Jambo linalonifanya nichague ni mwani. Kilimo hicho kilianza katika vijiji hivi viwili, Paje na Jambiani, mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na baadaye kikaenea pwani nyingi za Unguja na Pemba. Wakulima wengi mno ni wanawake. Hukomea vigingi katika sakafu ya bahari, hufunga kamba kati ya kigingi na kigingi, na katika kila kamba hufunga vipande vya mwani kama mtu apandaye mbegu kwa mstari. Baada ya kama wiki sita huvuna, huanika juani na kuuza kwa wakala. Huko ng'ambo mwani hutolewa utomvu wa kugandishia vitu: aiskrimu, dawa ya meno na kadhalika. Kuna aina mbili, na ile yenye bei nzuri, ambayo wao huiita kotoni, ndiyo iliyoathirika zaidi bahari ilipozidi kupata joto. Hufa na kunyauka. Ile inayostahimili, spinosamu, bei yake ni ndogo. Wapo walioacha. Pale Paje kipo kituo ambapo wanawake hutengeneza sabuni za mwani, nazo huuzwa kwa bei ambayo mwani mkavu hauwezi kuifikia kamwe. Hilo ni jambo la kuisifu Paje.

Nilikwenda Jambiani na mke wangu, ambaye naye ni Mluguru. Magoti yake hayampendi tena, lakini asubuhi ya bamvu aliinua kanga yake akaingia majini mpaka kwa akina mama wa mwani, akasimama anatazama ile mistari. Kisha akaniambia kwamba haya ni matuta. Kwa mtu wa Uluguru neno hilo si jepesi. Matuta ya kulazimishwa na serikali ya kikoloni ndiyo yaliyoleta ghasia za mwaka 1955 kule Matombo. Akamwuliza mama mmoja swali ambalo nisingeliwaza: shamba hili ni la ukoo gani, na wewe ukifa litakwenda kwa nani? Kwetu ardhi hufuata upande wa mama. Yule mama alicheka, akasema, "Dada, bahari haina ukoo. Ni lako vigingi vyako vikiwa vimesimama." Akaongeza kwamba sasa hata vigingi vina maneno, kwa sababu wenye hoteli hawavipendi mahali wageni wao wanapoogelea, na wenye tiara wanaviogopa. Wakaendelea kuzungumza, mikono yote minne ikifunga mwani, mpaka maji yalipowafika mapajani.

Mazungumzo hayo yangeweza kutokea Paje pia, kwani mashamba yako huko vilevile. Ila Paje ungelazimika kuyatafuta, na mtu mwenye siku nne hatatafuta. Jambiani yako njiani.

Kuna faida nyingine ambayo walimu wa Kiswahili wataielewa. Kusini mwa Unguja wapo wazee wanaosema lahaja zao za zamani, na Kikae cha Makunduchi ndicho kinachojulikana zaidi. Kiswahili sanifu tulichokifundisha miaka yote kilitokana na Kiunguja cha mjini. Kaa kibarazani Jambiani, nyamaza, wasikilize wazee wakiongea wao kwa wao, na utakuta maneno ambayo itakubidi uyaulizie. Mimi niliyekuwa nikisahihisha insha za watu niliulizia kama mwanafunzi wa darasa la tatu, na nilifurahi sana.

Kwa hiyo nilimwambia mwalimu yule: Jambiani. Nikamwambia pia kwamba asikawie, maana kila nikirudi nakuta ukuta mpya, na ile njia kati ya nyumba na bahari inazidi kuwa nyembamba. Jambiani inaifuata Paje, tofauti yao ni ya miaka, na sioni nani atakayeizuia.

Akaniuliza aende mwezi gani. Mwezi wa kalenda nilimwachia mwenyewe, isipokuwa masika, Machi hadi Mei, ambapo bei hushuka lakini mvua humweka mtu ndani. Nilimtaka auangalie mwezi wa mbinguni. Akienda siku za bamvu, maji yatakauka kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi jioni; mama ataona mwani asubuhi na ataoga jioni. Akienda siku za maji mafu, mambo hugeuka, maji huwa yamejaa asubuhi, lakini mashamba hayatokezi vizuri na akina mama wengi hawaendi. Kila siku saa husogea mbele kwa karibu dakika hamsini, hivyo asikariri saa hizi kama jedwali. Na yeboyebo za kuingilia majini wanunue hapa hapa sokoni Morogoro, mbili, kwa sababu chini ya vidimbwi kuna wadudu weusi wenye miiba, na mama wa Nyandira hawezi kuwajua.

Alizinunua wiki iyo hiyo. Mke wake alizijaribu uani, akasema zinabana.