Fundi wa Kisiki

Ukipita Haneti, mkoani Dodoma, mwezi wa Septemba, unaweza kudhani mashamba hayana mti hata mmoja. Mabua ya mtama na uwele yameshaliwa na ng'ombe, vumbi linatimka, na kilichosimama ni vichaka vya kufika magotini, vya mkulagembe, mlama na mgunga. Mkulima huvifyeka kila mwaka kabla ya mvua, navyo huchipua tena kila mwaka. Wengi huviona kero tu. Lakini yuko mkulima anayejua kwamba kila kichaka cha namna hiyo ni mti uliokatwa zamani. Shina limekwenda, mizizi imebaki, na imeshazama kina ambacho mche wa kitaluni utahitaji miaka kukifikia.

Kazi ya kuurudisha mti huo huku Dodoma inaitwa kisiki hai. Tangu 2018 shirika la LEAD Foundation, likishirikiana na Justdiggit la Uholanzi, limekuwa likiieneza vijijini.

Kisiki kimoja kinaweza kutoa machipukizi kumi au kumi na tano. Fundi wa kazi hii huchuchumaa na kutazama kwanza, panga likiwa bado chini. Lipi limenyooka? Lipi limeshika vizuri kwenye kisiki? Huchagua matatu, manne, pengine matano, na mengine huyaondoa kwa panga kali, mkato ukielekea juu. Panga butu huchana gome, na kidonda kilichochanika huoza. Halafu hupogolea vitawi vya pembeni kwenye nusu ya chini na kuacha kilele. Mwisho hufunga kitambaa, hata kipande cha kanga iliyochakaa, ili mchunga mbuzi na mkata kuni wajue mti huu una mwenyewe.

Hapo panga linarudi nyumbani. Hakuna kumwagilia, hakuna mbolea, wala hakuna kurudi wiki ijayo kupunguza kidogo tena. Kwangu mimi, hapa ndipo penye ufundi mkubwa kuliko ule mkato. Mkono uliozoea jembe unawashwa. Jirani anauliza kwa nini shamba halijasafishwa. Na mwenye papara akipogoa hadi karibu na kilele ili mti urefuke upesi, anaunyima majani ya kulisha mizizi. Mti una ratiba yake: ukipata mvua unakimbia, mvua ikikatika unangoja.

Tony Rinaudo, mtaalamu wa kilimo kutoka Australia, alijifunza jambo hili kwa uchungu huko Maradi, Niger. Alihangaika kupanda miche ambayo mingi ilikufa, mpaka siku moja mwaka 1983 alipoinama kwenye kichaka kimoja jangwani na kugundua kwamba ni kisiki kinachochipua. Msitu alioutafuta ulikuwa chini ya miguu yake. Wakulima wa Niger wameurudisha kwenye hekta zinazokadiriwa kuwa milioni 5.

Sisi Watanzania tumependa zaidi sherehe. Kwa miaka mingi siku yetu ya taifa ya kupanda miti ilikuwa 1 Aprili: turubai, mgeni rasmi, kibao chenye jina, mche mmoja kwa kila kiongozi. Lakini mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na Aprili zinafunga virago. Mche unaozikwa ardhini wakati huo haukuulizwa kama uko tayari. Sipingi kupanda, ziko sehemu ambazo mizizi imeshakwisha kabisa, na huko hakuna njia nyingine.

Wala kuuachia mti wakati wake si kuutelekeza. Kichaka kisichochaguliwa wala kupogolewa hubaki kichaka, na mbuzi wakiachiwa, hata kitambaa hakitasaidia. Fundi hulinda, na baadaye, machipukizi yakinenepa, hukata moja kwa fito au kuni na kuyaacha mengine yaendelee. Mavuno hayo madogo hayafiki kwenye gunia la mkaa linaloelekea mjini, na ndiyo maana mti unadumu.

Basi wewe mwenye shamba Haneti, Itiso au Chenene: msimu huu, kabla hujaingiza jembe, zunguka shamba lako na uhesabu visiki vinavyochipua. Chagua vichache tu, vipogolee, vifunge kitambaa, na uwaambie watoto wanaochunga wasivipitishie mbuzi.