Mbwa Ametembea Tena: Ni Umeme, au Ni Muda?

Wiki iliyopita jirani yangu alinitumia video. Mbwa aliyegongwa na gari anaburuta miguu ya nyuma. Yanatokea maandishi "wiki sita baadaye", kisha mbwa yuleyule anakimbia uwanjani. Katikati tunaonyeshwa kifaa kidogo chenye pedi mbili, na dai kwamba mkondo mdogo sana wa umeme huongeza nishati ya seli kwa asilimia 500. Jirani ana mbwa aliyeumia mgongo. Swali lake: "Ninunue?"

Tusianze kwa kucheka, maana wazo lenyewe si la kijinga. Ngozi ikikatwa, mwili wenyewe huzalisha umeme kidogo pembeni ya kidonda. Mwaka 2006, Min Zhao na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba umeme huo huwa kama dira kwa seli zinazokwenda kuziba kidonda. Tiba hii inajaribu kuuiga kwa mkondo usiozidi mikroampea 1,000. Ni kidogo mno: chaja ya simu ya ampea 2 hupitisha mkondo mkubwa mara 4,000 kuliko mikroampea 500.

Sasa, ile asilimia 500 imetoka wapi? Mara nyingi chanzo ni utafiti wa Cheng na wenzake wa mwaka 1982. Walipitisha umeme kwenye vipande vya ngozi ya panya, wakapima ATP, yaani ile molekuli ambayo seli huitumia kama sarafu ya nishati. ATP ikaongezeka mara tatu hadi tano. Inavutia, sikatai. Ila vile vilikuwa vipande vya ngozi maabara. Hapakuwa na manyoya, mfupa uliovunjika wala uti wa mgongo, na hakuna aliyepima kama kuna kitu kimepona. Kuibandika namba hiyo kwa mbwa aliyepooza ni kama kuona jiko limewaka, ukatangaza kwamba wageni wameshiba.

Mbwa waliopooza wamewahi kujaribiwa kweli. Katika miaka ya 1990, Richard Borgens na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliwapa mbwa kifaa kilichogeuza mwelekeo wa mkondo kila baada ya dakika 15, wakawalinganisha na mbwa waliowekewa kifaa kisichofanya kazi. Waliopata umeme walionyesha nafuu zaidi. Lakini elektrodi ziliwekwa kwa upasuaji, karibu na uti wa mgongo. Pedi juu ya manyoya ni habari nyingine kabisa.

Na kwa nini ulinganisho ni lazima? Kwa sababu macho yetu yana upendeleo. Mwaka 2012, Conzemius na Evans walichambua mbwa 58 wenye ugonjwa wa viungo waliopewa tiba bandia tu. Karibu asilimia 40 ya tathmini za wenye mbwa zilisema mnyama ana nafuu, ilhali vipimo vya uzito anaouweka mguuni havikuonyesha hivyo. Madaktari wa mifugo nao walidanganyika vilevile.

Kubwa zaidi ni kile ambacho video haisemi: mbwa yule alipobanwa vidole vya miguu ya nyuma kwa nguvu, alihisi? Mbwa ambaye bado anahisi maumivu ana nafasi nzuri ya kutembea tena, kwa matibabu ya kawaida na muda. Aliyepoteza hisia hiyo yuko kwenye hali ya dharura, na kila saa ina thamani. Halafu angalia vizuri: kuvuta mguu peke yake si ushahidi, maana mguu unaweza kujivuta hata kama taarifa haifiki kwenye ubongo. Tafuta kama anageuza kichwa, analia, au anataka kung'ata.

Kwa hiyo sikumwambia jirani kwamba umeme ni uongo. Nilimwambia fedha ya kwanza iende kwa daktari wa mifugo, leo, akampime vidole na kumpiga picha ya mgongo. Kifaa kinaweza kusubiri hadi wauzaji watuonyeshe mbwa waliowekewa pedi zisizo na umeme, nao walikuwaje baada ya wiki hizohizo sita.