Kabla ya Kung'oa Pampu

Katika kata za Kagera kama Kaagya, Maruku au Kanyangereko, njia hupita kati ya kibanja na kibanja, migomba kulia na migomba kushoto, na dereva wa Land Cruiser aliyeleta mgonjwa au aliyefuata magunia ya kahawa hana uwanja wa kugeuzia. Huenda mbele kidogo, akarudi nyuma kidogo, akakata usukani hadi mwisho, kisha akaukata tena upande wa pili. Hapo ndipo ugonjwa hujitokeza. Gari lililokuja vizuri kwenye lami kutoka Bukoba mjini sasa linamtaka dereva ainuke kitini na kuvuta kwa mabega.

Kuna sababu ya ugonjwa kuchagua mahali hapo. Tairi iliyosimama ndiyo yenye ubishi mkubwa kugeuka, kwa kuwa mpira unasugua ardhi badala ya kubingirika. Wakati huohuo injini inazunguka polepole, na pampu ya usukani, inayopata nguvu zake kutoka kwenye injini, inasukuma mafuta kidogo kuliko wakati wowote mwingine. Mahitaji yako juu, mgao uko chini. Mfumo wenye kasoro ndogo unaweza kuificha mwendo wote wa kutoka mjini hadi Muleba, ukaja kuumbuka mbele ya geti la nyumbani.

Gari likifika gereji, hukumu huwa ya haraka: pampu imekufa. Inatafutwa pampu iliyotumika kutoka Japani, inafungwa, yanamiminwa mafuta mapya, na mara nyingine usukani unabaki vilevile. Mwenye gari amelipa spea na ufundi, na ugonjwa bado uko palepale ulipokuwa. Kosa la fundi si kukosa ujuzi wa kufungua na kufunga. Ameruka maswali, na maswali hayo mengi hayagharimu hata shilingi.

Ili kuona kwa nini pampu husingiziwa, inafaa kurudi kwa mtu aliyeufanya mfumo huu ufanye kazi. Francis W. Davis alikuwa mhandisi katika idara ya malori ya kampuni ya Pierce-Arrow huko Marekani, mahali ambapo uzito wa usukani ulikuwa adha ya kila siku. Mwaka 1926 alikuwa tayari na gari la kuonesha kazi yake, ingawa wanunuzi wa kawaida walisubiri hadi mwaka 1951, Chrysler ilipoufunga mfumo wa aina hiyo kwenye Imperial. Msingi wa ubunifu wake ulikuwa kutoyabana mafuta muda wote. Gari likienda moja kwa moja, mafuta huzunguka huru kutoka kwenye pampu, yakapita kwenye stelingi boksi, yaani boksi la gia za usukani, na kurudi kwenye kopo la mafuta. Dereva anapokata usukani ndipo valvu inapobana njia ya kurudi, presha inapanda upande mmoja wa pistoni, na pistoni inasaidia kusukuma magurudumu.

Valvu hiyo inajuaje kwamba dereva anakata? Katika magari mengi, kati ya mhimili wa usukani na gia za stelingi kuna kijiti chembamba cha chuma kinachojinyonga kidogo mkono unapovuta. Kujinyonga huko ndiko kunakosogeza valvu. Hapa ndipo uchambuzi wote unapoegemea. Kinachokwama juu ya valvu, yaani upande wa dereva, hakipati msaada wowote wa mafuta, kwa hiyo hata pampu mpya kabisa haiwezi kukilainisha. Kinachokwama chini ya valvu, upande wa magurudumu, pampu itakisukuma, lakini baada ya kona usukani hautarudi wenyewe katikati. Dereva anayeweza kumwambia fundi kama usukani wake unarudi au haurudi amekwisha kumpunguzia nusu ya kazi.

Kipimo cha kwanza basi ni jeki. Magurudumu ya nyuma yanawekewa vizuizi, ekseli ya mbele inainuliwa na kulazwa juu ya stendi imara, kwani kulala chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake ni kucheza na maisha. Injini ikiwa imezimwa, usukani unazungushwa taratibu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Utakuwa na uzito kiasi, maana mkono unasukuma mafuta, lakini uzito huo unatakiwa uwe laini na sawa njia nzima. Kisha fimbo inayounganisha stelingi boksi na magurudumu inafunguliwa, na kila upande unapimwa peke yake.

Kwa gari linaloishi Kagera, kipimo hiki kina faida ya pekee. Mji wa Bukoba hupata kiasi cha milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, mvua inayozidi ile ya sehemu kubwa ya Tanzania, na tope jekundu la barabara za ndani hupenya kila lilipopasuka gamba la mpira. Kwenye mhimili wa usukani, karibu na stelingi boksi, kuna kiungo chenye msalaba mdogo na vijiberingi vyake. Maji yakiingia, kinashika kutu. Dalili yake haifanani na ya ugonjwa mwingine: usukani unakwama na kulegea mara mbili katika kila mzunguko mmoja, daima mahali palepale. Kiungo hicho kiko juu ya valvu. Gari linaweza kubadilishwa pampu tatu mfululizo na kiungo kimoja chenye kutu kikaendelea kumsumbua dereva.

Upande wa magurudumu, Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1984, zina ekseli nzima ya mbele ambayo kila ncha yake hubeba beringi mbili za kingipini, moja juu na moja chini. Grisi ikioshwa na maji, au ikiyeyushwa na oili ya difu inayovuja ndani, beringi hizo hujichimbia vishimo. Gurudumu linakuwa na mahali linapopenda kukaa na mahali linapokataa kwenda. Tairodi endi na boli jointi zilizokauka hufanya vivyo hivyo kwa magari mengine. Tairi nazo zisisahauliwe: gari lililotoka kiwandani na tairi nyembamba za 7.50-16, likavalishwa pana za kuvutia macho, au likatembea na upepo pungufu, limeongezewa mzigo ambao hakuna aliyeukusudia.

Kuna ugumu mwingine ambao hutengenezwa na mikono ya mafundi. Juu ya stelingi boksi kuna skrubu yenye nati, inayorekebisha mbano wa gia za ndani. Usukani ukianza kuwa na mchezo, jibu rahisi ni kuikaza skrubu hiyo nusu mzunguko. Mchezo unapungua, mteja anaondoka na furaha, na baada ya siku chache anarudi akisema usukani unashika katikati na gari linatangatanga. Mchezo ulikuwa kwenye tairodi endi, lakini adhabu imepewa boksi. Kwa gari lolote lililoanza kuwa gumu baada ya matengenezo, swali la kwanza liwe nani aliigusa nati ile na aliizungusha kiasi gani.

Viungo vyote vikionekana vizima, ndipo zamu ya mafuta inafika. Toyota nyingi za zamani hutumia mafuta mekundu ya giaboksi za otomatiki, ya daraja la Dexron II au III. Yakiwa meusi yenye harufu ya kuungua, yamebeba mabaki ya mpira na chuma. Yakiwa na povu, hewa inaingia mahali fulani, na hewa hubonyea pale mafuta yanapotakiwa kusukuma. Mafuta ya breki yasimiminwe humo hata kwa dharura, kwa sababu yanaharibu sili ambazo ziliundwa kuishi ndani ya mafuta ya madini. Chujio lililo chini ya kopo likiziba, pampu inavuta kwa shida na kulia. Mkanda uliolegea au uliong'aa kama kioo nao hulia, hasa usukani ukifika mwisho.

Ila mkanda wenyewe uwepo kwanza. Injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda sita inayobeba Land Cruiser nyingi za kazi Afrika Mashariki, haizungushi pampu ya usukani kwa mkanda. Inaizungusha kwa gia kutoka ndani ya injini. Kati ya mafuta mekundu ya pampu na oili ya injini hapo pana sili moja ya shafti. Ikichoka, mafuta ya usukani huhamia kimyakimya ndani ya injini. Kopo linapungua wiki hadi wiki, chini ya gari ni pakavu, dereva anaongeza na kuongeza, na anayefuatilia kijiti cha oili ya injini anashangaa kukiona kimepanda bila kuongezewa kitu.

Baadhi ya Toyota za petroli zina njia nyingine ya kupoteza mafuta. Kwenye pampu kuna valvu ndogo yenye vipira viwili vinavyoelekea kwenye njia ya hewa ya injini. Kazi yake ni kuiongezea injini hewa usukani unapokatwa gari likiwa limesimama, ili isizime kwa uzito. Ikichakaa ndani, injini hunyonya mafuta ya usukani na kuyachoma. Fundi anaona moshi mweupe kwenye ekzosi, anaanza kuzungumzia ringi za pistoni, kumbe angechomoa kipira kimoja na kutazama kama kina unyevu mwekundu. Tofauti ya gharama kati ya maamuzi hayo mawili ni kubwa mno.

Saa ya siku nayo ni ushahidi. Miaka ya 1980 huko Marekani magari mengi ya General Motors yalijulikana kwa usukani mgumu asubuhi ambao ulilainika injini ikipata moto. Pampu zilikuwa nzima. Ringi za Teflon za kwenye valvu zilikuwa zimechimba mifereji kwenye aluminiamu iliyozizunguka, na presha ilipotea humo hadi vyuma vilipopata joto na sili kushika. Gari linalofanya kinyume chake, jepesi alfajiri na gumu baada ya kupanda kutoka Muhutwe hadi Kamachumu, ndilo linaloelekeza kidole kwa pampu iliyochakaa, kwa kuwa mafuta yaliyopata joto huwa mepesi na hupenya kirahisi kwenye nafasi zilizopanuka.

Mwamuzi wa mwisho ni geji ya presha yenye koki, inayofungwa kati ya pampu na stelingi boksi. Injini ikiwashwa, koki inafungwa kwa sekunde chache tu, zisizozidi kumi, maana pampu inajichoma. Magari mengi ya aina hii yanatakiwa kuonesha kiasi cha baa 70 au zaidi, kutegemea modeli. Ikishindwa kufika, pampu ina hatia na ing'olewe. Ikifika, koki inafunguliwa na usukani unakatwa hadi mwisho: presha ikishuka sasa, mafuta yanavuja ndani ya boksi, na pampu mpya ingekuwa hasara tupu. Gereji isiyo na geji bado inaweza kutumia mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki. Inashikizwa kwenye ukingo wa usukani na kuvutwa, kulia kisha kushoto, kabla na baada ya matengenezo. Pande mbili zikitofautiana sana, shaka iende kwenye valvu au boksi, kwa kuwa pampu ileile moja ndiyo inayolisha pande zote mbili.

Magari kama Vitz hayamo katika hesabu hii. Usukani wa magari hayo husaidiwa na mota ya umeme, jambo ambalo Suzuki ililileta sokoni kwenye Cervo mwaka 1988, na kwa magari ya aina hiyo uchunguzi huanzia kwenye betri, oltaneta na taa ya onyo ya dashibodi.

Kwa yale yenye usukani wa mafuta, kazi ikiisha hewa inatolewa magurudumu yakiwa bado juu: injini imezimwa, usukani unazungushwa taratibu mwisho hadi mwisho mara kadhaa, mafuta yanaongezwa kadiri yanavyoshuka, kisha injini inawashwa na zoezi linarudiwa. Gari likishushwa na mafuta yakapata joto, fundi anatazama kimo cha mafuta kwenye kopo injini ikinguruma, anaizima, anatazama tena. Mwongozo wa Toyota unaruhusu kimo hicho kipande milimita 5, si zaidi. Kikipanda zaidi ya hapo, hewa bado imo, na magurudumu yanarudi juu ya stendi.