Spider-Man 2: fizikia ya kinu na uchovu wa Peter

Hebu tuiangalie upya Spider-Man 2 ya Sam Raimi (2004), maana wengi wanakumbuka tu ile mikono ya chuma ya Doc Ock. Peter Parker ni mwanafunzi wa fizikia pale Columbia. Anafukuzwa kazi ya kupeleka piza, anachelewa vipindi, na siri yake inamtenga na Harry, rafiki anayeamini Spider-Man ndiye aliyemuua baba yake.

Sasa kinu cha Octavius. Kinatumia tritiamu, na hapo filamu iko sawa: ni adimu kweli, tena nusu yake huoza kila miaka 12 na ushee. Ila mwishoni kinageuka jua dogo lisilozimika mpaka lizamishwe mtoni. Hapana jamani! Kwenye muunganiko wa nyuklia kazi ni kuuwasha na kuudumisha. Kuzimika, unazimika wenyewe. Plasma ya nyuzi zaidi ya milioni 100 ikigusa ukuta inapoa, basi. Desemba 2022 maabara ya NIF, Marekani, ilipiga leza ya megajuli 2.05 ikapata 3.15, na mwako wenyewe haukufika hata sekunde moja.

Kilichonigusa ni pale utando unapogoma kutoka na macho yanaporudia ukungu, na daktari haoni ugonjwa. Filamu inathubutu kusema mwili wa kijana aliyelemewa unaweza kugoma bila adui yeyote. Halafu inaharibu: Mary Jane anatekwa, nguvu zinarudi papo hapo, kana kwamba uchovu hutibiwa na dharura nyingine. Waulize wanaoandika tasnifu.