Pochi yako inamuuliza nani?

Desemba 2018, watu waliokuwa wakituma Bitcoin kwa pochi ya Electrum walianza kukutana na ujumbe usio wa kawaida. Muamala umekataliwa, ulisema, toleo lako lina kasoro ya usalama, pakua jipya kwenye kiungo hiki. Haukuja kwa barua pepe wala SMS, njia ambazo watu wamekwishazoea kuzitilia shaka. Ulitokea ndani ya pochi yenyewe, pochi halali iliyopakuliwa kwenye tovuti halali. Waliobofya wakasakinisha programu ya wezi, na ndani ya siku chache zaidi ya Bitcoin 200 zikawa zimeondoka.

Hakuna kompyuta ya mwathirika iliyovunjwa, wala hakuna aliyeugusa msimbo wa Electrum. Pochi hiyo ni nyepesi kwa makusudi: haitunzi mnyororo wa bloku. Ikitaka kujua salio lako huuliza seva, na ukituma fedha huikabidhi seva muamala ili iusambaze. Seva zenyewe huendeshwa na watu wa kujitolea, na yeyote anaweza kuwasha ya kwake bila kuomba kibali wala kujitambulisha. Wezi waliwasha nyingi, wakasubiri pochi zijilete. Itifaki iliiruhusu seva kukataa muamala na kueleza sababu, na pochi ikaionyesha sababu hiyo kama ilivyokuja, pamoja na mapambo na kiungo chake. Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi.

Marekebisho ya kwanza yaliyaondoa mapambo, ujumbe ukabaki maandishi matupu yasiyobofyeka. Baadaye pochi ikaacha kabisa kuonyesha maneno ya seva, isipokuwa yale inayoyatambua yenyewe. Tundu likazibwa, lakini mazoea yaliyolizaa hayakuguswa: mamilioni ya watu wanatunza funguo zao wenyewe, jambo jema, kisha kila wanapofungua pochi wanamuuliza mtu wasiyemjua wana kiasi gani.

Tuangalie kwa karibu anachokiona mtu huyo. Pochi inapofunguka, haimuulizi habari za anwani moja. Inamtumia orodha ya anwani zote ulizowahi kutumia, za kupokelea na za chenji, pamoja na anwani 20 za kupokelea ambazo bado hujampa mtu yeyote, kwa sababu inalazimika kuangalia kama kuna kilichoingia. Electrum hutuma alama ya heshi badala ya anwani yenyewe, lakini seva inayo faharasa ya heshi hizo zote, kwa hiyo kinga hiyo ni jina tu. Wataalamu wa kuchambua mnyororo hufanya kazi kubwa ya kubashiri ni anwani zipi zina mmiliki mmoja. Mwenye seva habashiri. Umempa orodha iliyokamilika, pamoja na anwani ya IP ya nyumbani kwako na saa unazoangalia fedha zako.

Pochi nyepesi za aina nyingine nazo zilijaribu kuficha maswali hayo. Zile zilizofuata pendekezo la BIP37 zilituma kichujio kinachochanganya anwani zako na za watu wengine, na mwaka 2014 watafiti wakaonyesha kwamba mchanganyiko huo hufumuka kirahisi. Mwishoni mwa 2019, toleo la 0.19 la Bitcoin Core, programu kuu ya mtandao wa Bitcoin, liliizima huduma hiyo kwenye mipangilio yake ya kawaida.

Dawa inayobaki ni kuwa na nodi yako, yaani kompyuta yako mwenyewe inayopakua mnyororo wote na kuuhakiki. Hapo, nionavyo, ndipo maelezo mengi yanapopotoka, kwa sababu hutumia kurasa kujadili vifaa, kisha hukimbia sehemu yenye faida.

Vifaa havina mambo mengi. Laptopu ya zamani yenye diski ya SSD ya terabaiti 1 inatosha, na kwa nyumba nyingi za huku inaishinda Raspberry Pi kwa sababu inakuja na betri yake. Umeme ukikatika ghafla wakati Bitcoin Core inaandika kwenye hifadhidata, kuna hatari ya kuiharibu, na kuijenga upya ni kazi inayoweza kula siku kadhaa. SSD si anasa. Kuhakiki muamala ni kutafuta vipande vidogo vidogo ndani ya orodha ya sarafu ambazo hazijatumika, na diski ya kuzunguka hukwama hapo. Mnyororo wenyewe umepita GB 600, kwa hiyo anayeishi kwa bando la simu asahau na asubiri faiba. Mpangilio wa `prune=550` huifanya nodi ifute bloku za zamani na kubaki na megabaiti 550 hivi za bloku, lakini usimdanganye mtu: hupunguza nafasi kwenye diski, haupunguzi data. Kila bloku tangu ile ya kwanza ya Januari 3, 2009 italazimika kushuka na kuhakikiwa kabla haijatupwa.

Ni vizuri pia kujua kuhakiki huko maana yake nini. Kwa mipangilio ya kawaida, Bitcoin Core hairudii kukagua saini za bloku za zamani zilizo nyuma ya bloku moja ambayo waandishi wa programu wameiweka ndani ya toleo. Yaliyobaki hukaguliwa yote: kiasi, sarafu kutotumika mara mbili, malipo ya mchimbaji. Asiyetaka kuwaamini hata hao huandika `assumevalid=0` na kukubali kusubiri zaidi.

Nodi imemaliza kusawazisha. Wengi huishia hapo, hupiga picha ya skrini, na pochi inaendelea kuzungumza na seva ya mgeni kama jana. Nodi isiyoulizwa na pochi yako haikuongezei faragha hata chembe. Electrum na Bitcoin Core hazizungumzi lugha moja, kwa hiyo panahitajika mkalimani kati yao, programu kama electrs, inayosoma bloku za nodi na kujenga faharasa ya anwani. Electrs haikubali nodi iliyokatwa kwa `prune`, inataka mnyororo wote. Kisha pochi ifungwe kwenye seva hiyo tu:

`electrum --oneserver --server 127.0.0.1:50001:t`

Neno `--oneserver` ndilo la kuangaliwa. Bila hilo pochi hufungua miunganisho mingine na seva za nje. Mwenye diski ndogo anaweza kutumia pochi ya Sparrow, inayozungumza na Bitcoin Core moja kwa moja hata kama nodi imekatwa. Na kama pochi iko kwenye simu, huduma ya siri ya mtandao wa Tor humwezesha mtu kuifikia nodi yake akiwa barabarani bila kufungua poti yoyote kwenye ruta.

Aliyekuwa amefunga pochi yake namna hii Desemba 2018 hakuuona ujumbe wa wezi, kwa sababu seva pekee iliyoweza kumwandikia chochote ilikuwa mezani kwake.

Faragha ni nusu ya habari. Nusu ya pili ilionekana Julai 4, 2015, siku kanuni mpya ya uandishi wa saini, BIP66, ilipoanza kulazimishwa baada ya bloku 950 kati ya 1,000 kuiunga mkono. Muda mfupi baadaye mchimbaji mmoja mdogo alitoa bloku isiyofuata kanuni. Wachimbaji wakubwa, ambao walikuwa wametangaza kuiunga mkono, wakajenga juu yake. Walikuwa wakichimba bila kuhakiki ili kuokoa sekunde. Tawi hilo batili lilifika bloku 6 kabla ya kutupwa, na malipo ya Bitcoin 25 kwa kila bloku yakapotea nalo. Pochi nyepesi huamini tawi lenye kazi kubwa zaidi, kwa hiyo watumiaji wake walishauriwa wasubiri uthibitisho 30 zaidi ya kawaida yao. Wenye nodi zilizosasishwa hawakuhitaji ushauri wowote: mashine zao ziliikataa bloku ile ilipofika tu, bila kujali nguvu iliyokuwa nyuma yake.

Kuna yasiyotibika kwa nodi. Soko ulilonunulia Bitcoin kwa kitambulisho chako linajua ulizitoa kwenda wapi, na mnyororo unasomwa na kila mtu. Vilevile nodi inayotangaza muamala wako kwa anwani ya IP ya nyumbani huwaachia majirani zake dalili kwamba umetokea kwako. Mstari wa `proxy=127.0.0.1:9050` huipitisha kwenye Tor na kupunguza dalili hiyo.

La mwisho husahaulika zaidi. Anwani ambazo seva za wageni zimekwisha kuziona zimeonekana, na kuhamishia pochi ileile kwenye nodi mpya hakuzifuti kwenye kumbukumbu za watu. Ni salama zaidi kuunda pochi mpya, yenye maneno mapya ya siri, ambayo tangu siku ya kwanza haijawahi kuuliza kwingine. Na sarafu za pochi ya zamani zisisombwe zote kwa muamala mmoja kuingia humo, maana muamala wa namna hiyo utaandika kwenye mnyororo, mbele ya kila mtu, kwamba mwenye pochi hizo mbili ni mmoja.