Kinywa cha Mashine na Kinywa cha Mwanafunzi

Tulipata kualikwa kutazama somo la Kiswahili katika shule moja ya sekondari hapa Uganda. Shule yenyewe hatutaitaja, kwa kuwa walimu wake walitupokea kwa hisani kubwa, nasi hatupendi kuwalipa kwa kuwaaibisha. Tuliambiwa kwamba somo lingefundishwa kwa njia ya kisasa. Na kweli, tulipoingia tulikuta shuka jeupe limetundikwa mbele ya ubao, projekta iko juu ya meza, na madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili mwanga usiharibu picha. Mada ilikuwa ngeli za majina. Kwa muda wa dakika 40 yalipita mbele ya macho yetu majedwali ya kupendeza, viambishi vya umoja kwa rangi nyekundu na vya wingi kwa kijani, na wanafunzi zaidi ya 60 wakawa wananakili kwa juhudi kila walichoonyeshwa. Mwalimu alisema, mashine ikaonyesha, wanafunzi wakaandika. Tangu kengele ya kwanza hata ya pili hakuna mwanafunzi aliyetamka sentensi nzima ya Kiswahili, isipokuwa ile salamu waliyotupa kwa pamoja walipoinuka kutulaki.

Hatusimulii kisa hiki kwa kumkejeli mwalimu yule. Alikesha kuyatayarisha majedwali yake, na hayakuwa na kosa. Lililotusumbua ni kwamba somo lile lile lingaliweza kufundishwa kwa kipande cha chaki, na matokeo yakawa yale yale. Mashine ilichukua nafasi ya ubao, basi. Haikugusa hata kidogo upungufu ambao kila mwalimu wa Kiswahili katika nchi zetu anaujua: kwamba wanafunzi wake hawapati kusema.

Yafaa wasomaji wetu wa pwani waelewe hali yetu. Mtoto wa Tanga au wa Mombasa huja shuleni na Kiswahili kinywani. Kazi ya mwalimu ni kukinyoosha. Mtoto wa Masaka hukutana nacho darasani, katika vipindi vichache kwa juma, na akitoka nje ya lango hukiacha humo humo. Kwa mujibu wa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliafiki kiwe lugha rasmi na likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini walimu waliofunzwa kazi hii ni wachache, na palipo na upungufu wa walimu hapakosi mtu wa kuja na mashine mkononi akisema kwamba ameleta dawa. Ndiyo maana twaona ni wajibu wetu kuuliza, kabla fedha hazijatumika, mashine ya namna gani, na ifanye nini.

Afrika Mashariki si ngeni katika jambo hili. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 watu wazima wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma pamoja kitabu kilichoandikwa kwa ajili yao, kisha wakajadiliana wakiongozwa na mwenzao aliyepewa mafunzo mafupi. Baada ya hapo walichimba vyoo na kufyeka vichaka. Ukiichunguza kampeni ile utaona kwamba redio ilikuwa sehemu ndogo ya saa nzima ya mkutano. Redio ilianzisha neno, watu wakalimalizia. Na walilimalizia kwa Kiswahili, wengi wao wakiwa na lugha nyingine majumbani mwao.

Mfano wa pili watoka Kenya, nao una uchungu wake kwetu. Kati ya mwaka 1980 na 1985 palifanyika jaribio la kuwafundisha watoto wa madarasa matatu ya mwanzo kwa redio, nusu saa kwa siku. Waliolibuni walifuata njia iliyokwisha kujaribiwa katika hisabati huko Nicaragua katika miaka ya 1970. Siri ya njia hiyo ilikuwa kimya. Sauti ya redioni iliuliza swali, kisha ikanyamaza kwa sekunde chache zilizopimwa, na katika kimya hicho darasa zima lilijibu kwa sauti. Ndipo redio ilipotoa jibu sahihi na kuendelea. Mtoto hakuweza kusinzia, kwa maana kila baada ya kitambo kidogo aliitwa. Uchungu tuliousema ni kwamba lugha iliyofundishwa kwa ustadi huo ilikuwa Kiingereza. Ilibidi tungoje hadi karne hii, ambapo watoto wadogo wa Zanzibar walipata vipindi vya Tucheze Tujifunze vilivyofuata njia hiyo hiyo kwa Kiswahili.

Ukiwa na mifano hiyo mkononi unaweza kuvipima vyombo vya leo bila ya kubabaishwa na mng'ao wake. Chukua ile kompyuta ndogo ya rangi nyeupe na kijani ambayo Nicholas Negroponte wa Marekani aliitangazia dunia mwaka 2005, akitaraji iuzwe kwa dola 100 na kila mtoto wa nchi maskini awe na yake. Jirani zetu wa Rwanda waliipokea kuanzia mwaka 2008, na katika miaka iliyofuata waligawa zaidi ya 200,000. Hatuwezi kuwalaumu kwa kuthubutu. Nchi iliyotoka katika msiba wa mwaka 1994 ilikuwa na kila sababu ya kutafuta njia ya mkato. Lakini wazo lenyewe lilikuwa na kasoro ndani yake. Lilidhani kwamba mtoto na mashine wanatosha, na kwamba mwalimu atafuata nyuma akipenda. Huko Peru, ambako kompyuta hizo hizo zilipelekwa kwa wingi kuliko kwingineko, watafiti walizichunguza shule 319 za vijijini, na katika ripoti yao ya mwaka 2012 walisema hawakuona dalili kwamba watoto waliopewa walikuwa wamewapita wenzao katika lugha wala katika hesabu. Kompyuta zilikuwa nyingi. Kilichopungua ni mtu wa kuzitia katika somo.

Sisi wenyewe tulionjeshwa upungufu huo kwa sura nyingine wakati wa maradhi ya korona. Shule za Uganda zilifungwa mwezi wa Machi 2020 na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi Januari 2022. Redio ikawa shule. Tulisikiliza baadhi ya vipindi vya Kiswahili vya siku zile tukiwa na daftari mkononi, na twasikitika kusema kwamba vingi vilikuwa mwalimu anasoma maandishi yake mbele ya kipaza sauti: maana ya nomino, aina za vielezi, mifano mitano, kwaheri. Hapakuwa na swali wala kimya cha kujibia. Njia iliyojulikana kwa miaka 40 hapo jirani, ng'ambo ya mpaka wa Busia, haikukumbukwa na yeyote. Mtu akituambia kwamba hapakuwa na muda wa kutunga vipindi bora, tutamkubalia kwa mwezi wa kwanza na wa pili. Kwa mwezi wa kumi na tano hatukubali.

Sasa tuje kwenye yale ambayo chombo kinaweza kuyafanya na chaki haiwezi. Kwa mwalimu wa lugha, la kwanza ni kuihifadhi sauti. Msemaji wa Luganda, kwa desturi ya lugha yake, hutamka r baada ya e na i, na mahali pengine hutamka l. Sauti hizi mbili kwake ni sauti moja iliyobadili vazi. Kwa hiyo elimu huwa erimu, habari huwa habali, na wananchi siku ya uchaguzi huenda kupiga kula. Mwalimu aweza kusahihisha kosa hili kwa maneno mwaka mzima bila ya mafanikio, kwa sababu mwanafunzi halisikii. Anaposema kula, sikio lake humwambia amesema kura.

Katika darasa tulilokuwa tukilisaidia tulijaribu jambo dogo. Shule nyingi za kwetu haziwaruhusu wanafunzi kuwa na simu, basi tulitumia simu ya mwalimu na kipaza sauti kidogo cha betri. Wanafunzi waligawanywa vikundi vya watu sita. Kila kikundi kilinasa sauti za watu wake wakisoma aya moja fupi yenye r na l za kutosha, kisha darasa likasikiliza, kwanza msomaji wa Unguja aliyenaswa redioni, halafu wao wenyewe. Kicheko kilichozuka siku ile tunakikumbuka hadi leo. Msichana mmoja aliisikia sauti yake ikisema kupiga kula, akaruka, akadai kwamba simu imemsingizia. Aliporudia mara ya tatu aliipata. Simu haikumfundisha neno jipya hata moja. Ilimpa sikio la kujisikia kwa nje, kama kioo kinavyompa mtu macho ya kujiona.

Faida hii yazidi kuwa kubwa tunapofika kwenye ushairi. Katika shule zetu shairi la tarbia husomwa kama taarifa ya habari, na mizani huhesabiwa kwa vidole juu ya dawati: 8 za ukwapi, 8 za utao, jumla 16. Mwanafunzi hupata alama zake, lakini hajui kwa nini mshairi alijitia taabu hiyo yote. Shairi la Kiswahili lilitungwa lighaniwe. Mwache asikie mghani wa Pemba au wa Lamu akiuvuta mstari, apumzike kwenye kituo, amalizie kwa kina, na papo hapo mizani haihitaji vidole tena. Mstari uliopungua utamkera mwenyewe sikioni. Sisi tuliofundishwa ushairi kwa macho matupu tulikuwa watu wazima tulipousikia ukighaniwa kwa mara ya kwanza, na tulihisi kwamba miaka mingi tulikuwa tukila maganda.

Ilivyo kwa mashairi ndivyo ilivyo kwa tamthilia. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, imewachosha wanafunzi wengi kwa sababu moja tu, kwamba wameisoma kimya. Kikundi kikiambiwa kwamba onyesho lake litanaswa na kusikilizwa na kidato kingine, utawaona wakigombana juu ya mkazo wa neno moja. Ugomvi huo ndio uhakiki wenyewe.

Katuni za Ubongo Kids, zilizoanza kuonyeshwa katika televisheni ya Tanzania mwaka 2014, ni habari nyingine. Zilitungwa zifundishe hesabu na sayansi, wala hazikumfikiria mwanafunzi wa Kiswahili wa Kampala. Twazipenda kwa hilo hilo. Humo Kiswahili hakiwekwi mezani kama mdudu wa kupasuliwa; watu wanakitumia kugombana, kuimba na kutafuta jibu la hesabu. Kasi yake ni kubwa kwa wanaoanza, na mwalimu akiiwasha tu na kukaa pembeni atavuna kicheko bila ya lugha. Heri aikate. Aonyeshe dakika mbili, asimamishe, aulize nini kitafuata, kisha aendelee. Kidole cha mwalimu kwenye kitufe cha kusimamishia kitafanya kazi ile ile ya kile kimya cha redio.

Jambo moja halipewi uzito unaostahili. Vyombo vingi hivi vinakuja vikiwa na lugha yao tumboni. Mwanafunzi anapoandika insha kwa kompyuta ambayo haikuelekezwa kwenye Kiswahili, karibu kila neno lake hupigiwa mstari mwekundu. Mwalimu aliyemfundisha tangu utoto kwamba wekundu ni alama ya kosa amemwandaa vizuri kuamini kwamba Kiswahili chote ni kosa. Tumewahi kupokea insha ambamo sana imekuwa sauna, kwa sababu mashine ilijipa ualimu na mwandishi hakuthubutu kubishana nayo. Kuielekeza ni kazi ya dakika chache. Lakini katika shule tulizozitembelea hatujaona ambapo mwalimu wa Kiswahili aliitwa kompyuta zilipokuwa zikifunguliwa.

Tuliporudi kwa yule mwalimu wa ngeli, muhula uliofuata, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi na projekta imefunikwa kitambaa. Tulimwomba simu yake. Aliitoa mfukoni kwa mashaka kidogo, akatuuliza kama tunataka kupiga picha. Tulimwambia la, tunataka wanafunzi wake waseme, kuanzia mstari wa nyuma, kila mmoja akitaja vitu viwili vilivyomo ndani ya mkoba wake, kwanza kimoja, kisha vingi. Daftari langu limechanika, madaftari yangu yamechanika. Kalamu yangu imepotea, kalamu zangu zimepotea. Kengele ilipolia walikuwa wamefika mstari wa tatu kutoka nyuma, na waliobaki mbele walikataa kutoka nje kabla hawajasikia sauti zao.